Shokamzoba za Nyuma na Tungule za Sokoni

 

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Najua wapo watakaosema Bwana Shamba huyu amepotea njia, maana nataka tuzungumze juu ya gari, na khasa juu ya shokamzoba za nyuma, ambazo mafundi wengi huziita shokapu kwa kufupisha. Sikusema shokishoki, ndugu zangu. Hizo zina msimu wake. Nasema shokamzoba, na sababu iliyonileta huko ni tungule.

Yuko bi mkubwa mmoja upande wa Bumbwisudi ambaye hulima tungule na pilipili boga. Mwanawe ana gari ndogo ya Kijapani, gari ya nyumbani, na kabla ya jua kutoka hulaza viti vya nyuma, wakapakia matenga, wakashuka Darajani. Siku moja bi mkubwa alinijia hapa Kizimbani, uso umekunjana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mbegu mliyotupa safari hii ina ngozi laini mno. Tungule hazifiki."

"Hebu nizione."

"Utaziona wapi? Zimeshakuwa rojo. Sokoni wananipa nusu ya bei, na hiyo nusu wananipa kwa kunionea huruma."

Mimi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikamwambia achume tungule zinapoanza tu kubadilika rangi, asingoje ziwive kabisa. Aache matenga marefu yanayozikandamiza za chini, atumie makreti ya kina kifupi. Aziweke kivulini mara baada ya kuchuma. Yote hayo ni mashauri mazuri, na hadi leo nayatoa. Bi mkubwa akayafuata yote. Wiki tatu baadaye akarudi na maneno yale yale, na safari hii hakunijibu "marahaba" kwa haraka.

Ikabidi siku moja niende mwenyewe Darajani alfajiri, nisimame mbele ya jengo la Marikiti, hili lililojengwa mwaka 1904, nimngojee. Gari ikaja, mwanawe akashusha makreti, nami nikayapekua moja moja. Hapo nikaona jambo ambalo lingefaa niliulize tangu siku ya kwanza. Tungule za chini zilikuwa nzima. Zilizochubuka na kupasuka zilikuwa za juu, na zilizoharibika kupita zote zilikuwa katika kreti la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sasa fikirini. Tungule zikiharibiwa na uzito, za chini ndizo zingeumia, maana ndizo zinazobeba wenziwe. Za juu hazibebi kitu. Za juu zikiumia, maana yake zimekuwa zikirushwa: zinapaa, zinaanguka juu ya wenziwe, zinapaa tena, maelfu ya mara tangu shamba hadi mjini. Na sehemu ya gari inayorusha kuliko zote ni ile iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nikaiacha mbegu, nikaenda nyuma ya gari. Nikaikandamiza pembeni kwa nguvu zangu zote, nikaiachia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama dau lililopigwa na wimbi.

Bi mkubwa akaniuliza swali ambalo nililipenda sana. Akasema, "Mbona gari ya ng'ombe ilikuwa haizivunji, nayo haina hata springi?" Ni kweli, haina. Lakini ng'ombe anatembea. Akilifikia shimo hushuka ndani yake taratibu na kutoka taratibu. Gari inayokwenda mbio hulipiga shimo kwa mara moja, na ile nguvu ya pigo lazima iende mahali.

Basi, tutazame inakwenda wapi. Gurudumu likigonga shimo, springi hubonyea, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini springi haijui kunyamaza. Ikibonyea hufyatuka, ikifyatuka hubonyea tena. Shokamzoba imewekwa ili kuinyamazisha. Ndani yake mna mrija uliojaa mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye vitundu vidogo. Gari ikitaka kuruka, pistoni husukumwa, mafuta hulazimika kupenya katika vile vitundu kwa taabu, na nguvu ya kuruka huishia humo ikawa joto. Ndiyo maana ukiigusa kwa tahadhari shokamzoba nzima mara baada ya safari ya njia mbovu utaikuta ina vuguvugu. Ukikuta ya kulia ina joto na ya kushoto ni baridi, umeshaijua iliyokufa. Lakini angalia usiguse bomba la moshi, maana nalo lipo huko huko.

Nataka tuelewane jambo moja, maana wengi hulikosea. Shokamzoba haibebi mzigo. Gari yako ikiwa imelala nyuma kama bata, hata ukitia shokamzoba mpya haitainuka. Hiyo ni springi iliyochoka, au mzigo uliozidi.

Dalili za shokamzoba iliyokwisha si ngumu kuziona. Ya kwanza ni hiyo ya kukandamiza: gari nzima hupanda, ikarudi, ikatulia. Ikicheza zaidi ya hapo, kuna walakini. Ya pili, chungulia uone kama mafuta yametiririka juu ya mrija na kushika vumbi likawa tope jeusi. Unyevu kidogo tu kama jasho si neno, lakini mtiririko ni mauti yake. Ya tatu, pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Likiwa na mabonde na vilima, hapa limelika na hapa halikulika, basi tairi hilo limekuwa likidundadunda badala ya kubingirika.

Na hapa, ndugu zangu, niziweke tungule pembeni kidogo. Gari ile ile ya bi mkubwa, ikishamaliza soko, hurudi shamba kuwachukua wajukuu kwenda skuli. Tairi linapokuwa hewani halishiki barabara, na breki haina cha kushikilia. Gari yenye shokamzoba zilizokufa huchukua masafa marefu zaidi kusimama, na katika kona yenye mashimo mkia wake huweza kukimbia pembeni, khasa wakati wa masika njia ikiwa na tope. Mwanawe alipoyasikia hayo akanyamaza. Kisha akasema tuzibadilishe Jumapili.

Je, kazi hii inawezekana nyumbani? Inawezekana, lakini si kwa kila gari. Lala chini uchungulie kabla hujafungua hata nati moja. Ukiona springi iko peke yake na shokamzoba iko peke yake, kama ilivyo katika pikapu nyingi na katika Suzuki Escudo za zamani, kazi hiyo waweza kuifanya uwanjani kwako. Ukiona shokamzoba imepita katikati ya springi, vitu viwili vimekuwa kitu kimoja, wacha. Springi ile imebanwa kwa nguvu kubwa sana, na ukiifungua nati ya juu bila ya chombo chake cha kuibana, inafyatuka na inaweza kumuua mtu. Hiyo mpelekee fundi mwenye chombo. Na wenzetu wa Mji Mkongwe, msijaribu kazi hii katika vichochoro wala pembeni mwa barabara kuu. Itafutieni gari uwanja ulio sawa.

Nunua mbili kwa mara moja, ya kulia na ya kushoto, hata kama moja bado ina uhai. Mpya upande mmoja na kongwe upande mwingine huifanya gari iende kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nenda dukani na nambari ya chesisi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, kwa sababu gari mbili za jina moja zinaweza kuwa na shokamzoba za urefu mbalimbali.

Wengi wetu twanunua zilizotumika, zinazoshushwa hapa kutoka Japani na Dubai. Sisemi msinunue; najua hali zetu. Lakini zijaribu hapo hapo dukani. Isimamishe wima, isukume chini na kuivuta juu mara tano au sita ili hewa itoke kwenye mafuta, maana iliyokaa imelala huchanganya. Kisha isukume polepole. Yafaa iwe nzito mwendo wote, kushuka na kupanda. Ukikuta mahali ambapo mkono unateleza bila ya kizuizi, kama kuna pengo, irudishe rafuni. Tazama pia kile chuma kinachong'ara kinachoingia na kutoka. Kikiwa na kutu au mikwaruzo kitaikata raba yake, na mafuta yatatoka kabla ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo hiyo usikishike kamwe kwa koleo.

Siku moja kabla ya kazi, ingia chini ya gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake manne, uzisugue nati na bolti kwa brashi ya waya na kuzipaka mafuta ya kulegeza kutu. Rudia usiku. Kisiwa chetu kimezungukwa na chumvi, na gari inayokwenda pwani, iwe Nungwi au Makunduchi, huwa na bolti zilizoganda kana kwamba zimechomelewa. Wapo mafundi wanaozilegeza kwa moto. Wewe usifanye. Tangi la petroli mara nyingi liko nyuma huko huko, na mpira wa breki uko hapo karibu.

Sasa nakuja kwenye jeki, na hapa sitafanya haraka, kwa sababu nina khabari yangu mwenyewe.

Miaka michache nyuma nilikuwa nikibadilisha shokamzoba za gari yetu chini ya mwembe, baada ya mvua. Nilitia jeki juu ya udongo mtupu. Nikasema kazi yenyewe ni ya nusu saa tu, stendi za nini? Baba alikuwa amekaa kibarazani. Akasema, "Angalau lile tairi ulilolitoa lilaze chini ya gari." Nikalilaza, kwa kumtii tu. Nilipotoka kwenda kuchukua spana, mguu wa jeki ukazama kwenye udongo, gari ikalala upande, ikashuka juu ya lile tairi kwa kishindo. Kichwa changu kilikuwa pale muda mfupi tu uliopita. Baba hakusema kitu. Alikwenda ndani akaniletea maji.

Kwa hivyo msikilize. Gari isimame mahali pagumu na sawa. Chini ya jeki tia ubao mnene mpana. Breki ya mkono, kwa gari nyingi, inakamata magurudumu ya nyuma tu. Ukishayainua magurudumu hayo, breki ile haishiki kitu tena, na watu wengi hawalijui hilo. Kwa hivyo magurudumu ya mbele yawekewe kabari za mbao, mbele yake na nyuma yake, kulia na kushoto. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Ukishainua, itue gari juu ya stendi mbili za chuma zenye miguu mipana, uzitie mahali pagumu palipoelezwa na kitabu cha gari. Huna stendi, azima kwa fundi. Matofali ya saruji hayafai hata kidogo, wala mawe ya matumbawe. Hayo hayatoi dalili, hupasuka ghafla. Mbao nene za mraba zilizopangwa msalaba ni afadhali mara mia. Halafu isukume gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Ikitikisika, panga upya. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya mwili wa gari, kulia na kushoto. Watoto na kuku wakae mbali.

Kazi yenyewe, ukishafika hapo, ni nyepesi. Nati za magurudumu zilegeze gari ikiwa bado chini, kabla ya kuinua. Ukishayatoa magurudumu, chukua jeki na uitie chini ya ekseli, yaani ile boriti ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, uipandishe mpaka iguse na kubeba kidogo tu. Usiliruke jambo hili. Katika gari nyingi shokamzoba ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila ya kuishikilia ekseli, inaanguka, springi inaweza kuchomoka, na mpira wa breki unavutika mpaka unakatika. Fanya upande mmoja hadi umalize, ndipo uende upande wa pili. Ukisahau kitu kilikaa vipi, upande wa pili utakuonyesha.

Fungua bolti ya chini, kisha ya juu. Mara nyingi gari za Kijapani hutaka spana nambari 14 au 17. Katika baadhi ya gari nati ya juu iko ndani, nyuma ya kifuniko au chini ya zulia la buti, na unapoizungusha, pini nzima huzunguka nayo. Ishike ncha ya pini kwa spana ndogo huku ukiizungusha nati kwa nyingine. Bolti ikikataa kutoka, rudishia nati mpaka ilingane na ncha yake, ndipo ugonge kwa nyundo, vinginevyo utaziponda nyuzi zake. Raba na wosha zipange juu ya gunia safi kwa mpango zilivyotoka.

Mpya nyingi huja zimebanwa kwa waya au ukanda. Usiukate mpaka umeshaifunga sehemu ya juu, kwa sababu zenye gesi hujifungua zenyewe kwa nguvu. Tundu la chini lisipolingana na mahali pake, usilitafute kwa nyundo. Panda au shuka na jeki ya ekseli kidogo kidogo mpaka bolti iingie kwa vidole.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi waliozoea hulipita. Bolti zinazopita ndani ya raba usizikaze mwisho gari ikiwa imening'inia. Zifunge kiasi, rudisha magurudumu, ishushe gari chini, itikise mara chache ikae katika kimo chake cha kawaida, ndipo uzikaze. Ukizikaze ikiwa juu, raba hukamatwa imejipinda, na kila siku hujipinda zaidi mpaka inachanika. Shokamzoba itakuwa nzima, lakini utasikia ko-ko-ko nyuma. Basi kaza barabara, lakini usipande juu ya mpini wa spana kwa miguu. Kitabu cha gari kinasema nguvu gani inatosha. Baada ya siku tatu nne za kutembea, zipitie tena zote pamoja na nati za magurudumu.

Shokamzoba kuukuu msizitupe jaani, wala watoto wasizitie motoni kutafuta vyuma. Zina mafuta, na nyingine zina gesi iliyobanwa, ambayo ikipata moto hupasuka. Mpe mnunuzi wa vyuma chakavu na umwambie ni nini.

Tuliifanya kazi ile Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi, tukamaliza baada ya adhuhuri. Saa mbili kati ya hizo ziliibiwa na bolti moja iliyoshikwa na kutu. Safari iliyofuata, makreti tuliyahamisha mbele, karibu na migongo ya viti, na nyuma kabisa tukaweka pilipili boga. Kijana akaambiwa apunguze mwendo kwenye njia ya udongo hadi afike lami, maana hata shokamzoba mpya zina kikomo. Nilimngojea tena pale Marikiti. Za juu zilikuwa nzima, isipokuwa chache ambazo nazo zilikuwa zimewiva mno.

Bi mkubwa akazitazama, akanitazama mimi. "Kwa hivyo mbegu haina kosa," akasema.

"Haina, bibi."

"Basi niletee nyengine ya msimu wa vuli. Na wewe siku nyingine anza kutazama gari."

Wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kuandaa kitalu cha tungule kabla ya mvua za vuli. Kwaherini.